Volkano Iliyofungiwa Bajia

Nyinyi vijana wa vipimo vya bahari mkija kunitazama huanza na swali lile lile, na swali lenyewe linanichosha: "Mzee, uliuona moto?" Moto gani? Nimefanya kazi ya kuipima bahari miaka mingi hapa Pemba, na katika kazi hiyo nimekutana na volkano ya chini ya bahari, lakini moto sikuuona hata wa kiberiti. Volkano ikifoka chini ya maji mengi haikupi kitu cha kutazama. Inakupa vitu vidogo vidogo vya kuudhi: mstari unaotetemeka kwenye karatasi, samaki wanaoelea matumbo juu huko mbali ambako hakuna wa kuwaona, na mawe yanayofika pwani miezi baadaye, wakati kila mtu ameshasahau. Anayetaka moto na akachome makumbi ya nazi.

Nayasema mapema ili msije mkanambia nimewadanganya. Kisa changu kina karatasi, bajia, visigino vya wanawake na mzee mmoja mkaidi. Volkano imo, ila haionekani.

Nianze na mawe, kwa sababu ndiyo yaliyotuumbua.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, siku za mwanzo za mwezi wa Shaaban. Watu wa Msuka waliamka asubuhi wakaukuta ufukwe umejaa mawe ya rangi ya majivu, mengine kama ndimu, mengine kama dafu. Ukilinyanyua moja mkono unaruka wenyewe, maana unategemea uzito na uzito haupo. Ukilitupa majini linaelea. Wazee walikuwa wameshayaona mara moja au mbili katika umri wao, na wanawake hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Hakuna kitu duniani kinachoondoa magaga ya miguu kama jiwe lile. Wakashuka na makapu, mama na binti, shoga na shoga, na kabla ya adhuhuri ufukwe ulikuwa umefagiliwa.

Mimi nilifika alasiri kwa baiskeli, kijana wa miaka ishirini na kitu, mkononi daftari la kazi na amri ya mkubwa wangu, Mzee Shaame: niokote mawe matatu, nisiyaoshe, nisiyafute, nisiyakwangue. Nikamkuta bibi mmoja amekaa barazani pake, mguu mmoja ndani ya beseni, anasugua kwa raha zake.

"Shikamoo bibi. Mawe mmeyapeleka wapi?"

"Marahaba. Majumbani. Kwani ya nani?"

"Serikali inayataka."

Akanitazama, akautazama mguu wake. "Serikali nayo ina magaga?"

Nikazunguka nyumba hadi nyumba. Kila nilikoingia walinionyesha mawe yao bila ya choyo, na kila jiwe lilikuwa limeshakwanguliwa likaoshwa likaanikwa. Nilitamani kukaa chini nilie.

Mtauliza kulikuwa na ubaya gani. Jiwe lile ni povu la moto lililoganda. Mlima ulio chini ya bahari unapofoka, uji wa mawe unatoka umejaa hewa, unakutana na maji ya baridi, unakauka na mapovu yake ndani. Mmeshakula mkate wa kumimina, mkaona ule uso wake wenye vitundu? Basi ndivyo hivyo, ila huu umepikwa chini ya bahari. Unapanda juu, unaelea, na mkondo unauchukua unakotaka. Njiani vinaupanda vidudu vya gamba, vile vile vinavyong'ang'ania ubavu wa chombo kilichokaa sana majini. Vinakua kidogo kidogo. Kwa hiyo jiwe linakuja na kalenda yake mgongoni: ukijua vidudu vina umri gani, umejua volkano ilifoka lini. Na kalenda hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho wanawake wa Msuka walikikwangua, kwa sababu ina makali na inachana ngozi. Siwalaumu. Ningekuwa na visigino vyao ningefanya vivyo hivyo.

Niliporudi mikono mitupu Mzee Shaame hakugomba. Alikuwa mtu wa Vitongoji, umri umeshapita hamsini, mrefu, kanzu yake haina doa hata siku ya kuzibua bomba. Aliniuliza jambo moja tu: "Bahari ikifoka hutikisa maji. Karatasi zetu za miezi hii zimeonyesha nini?"

"Hazikuonyesha kitu, mzee."

Mwili ulinipoa pale pale niliposimama, maana nilikuwa najua kilichoonekana, na nilikuwa najua nilichokifanya.

Lakini hamtaelewa nilichokifanya mpaka muijue mashine. Kipimo chetu kilikuwa kibanda cha mbao juu ya gati dogo, si mbali na Msuka. Chini ya kibanda limeshuka bomba pana la chuma mpaka baharini, na chini kabisa lina tundu dogo la kupitishia maji. Ndani ya bomba boya linapanda na kushuka pamoja na maji, boya limefungwa waya, waya umekwenda kwenye kalamu, na kalamu inachora juu ya karatasi iliyozungushiwa ngoma ya shaba. Ngoma inazungushwa na saa, polepole, duara moja kwa wiki nzima. Kila Jumatatu tunatoa karatasi, tunaweka nyingine. Mstari unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mrefu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mfupi wakati wa maji mafu. Ndiyo kazi yote. Mama yangu aliniuliza mpaka anakufa kazi yangu hasa ni ipi.

Lile tundu dogo ndilo lenye maarifa. Kwa udogo wake, mawimbi ya upepo hayawahi kuingia na kutoka, kwa hiyo kalamu haiyasikii. Inasikia mambo ya pole pole tu. Likiziba kwa mwani, mstari unalala, na mjinga anadhani bahari imetulia. Tulilizibua kila bamvua maji yakipwa, na msinambie siku hizi kuna dawa ya kuzuia mwani. Mwani haujui kusoma kibandiko.

Nilikosea mengi mimi. Mwaka wa kwanza nilitia mafuta ya nazi kwenye saa, kwa kuwa yale ya kopo yalikwisha na ya mama yalikuwepo. Ikaja asubuhi ya Kipupwe, mafuta yakaganda, ngoma ikasimama. Kwa mujibu wa karatasi yetu, bahari nzima ilisimama wima kuanzia alfajiri mpaka saa nne, jua lilipolipasha bati la kibanda. Nilikuwa nimeshanyanyua kalamu na rula kuutengeneza ule mstari, Mzee Shaame akanishika mkono.

"Weye kazi yako kutia wino," akasema. "Mstari wa bahari. Andika pembeni: mafuta yaliganda, saa ilisimama. Basi."

Kwa hiyo si kwamba sikufundishwa. Nilifundishwa na nikashikwa mkono. Nilifundishwa hata tofauti za mitetemo. Meli ikipita, kalamu inaruka mara moja mbili, imekwisha. Bomba likilegea, inatikisika kila maji yakijaa, wakati ule ule. Lakini maji yakitikiswa na kitu kilicho mbali chini ya bahari, kalamu inakwenda juu na chini kwa vipindi vilivyolingana, kama pumzi za mtu aliyelala, tena inaendelea saa nyingi, na hali nje upepo hamna. Haya yote niliyajua kwa kichwa, kama mtoto anavyojua meza ya kuzidisha mpaka siku anapopelekwa dukani.

Basi rudini nyuma miezi miwili kabla ya mawe, mwanzo wa Mfungo Tisa. Jumatatu moja nilikwenda peke yangu kutoa karatasi. Mstari ulikuwa mzuri mpaka Jumatano. Pale Jumatano adhuhuri, au karibu na alasiri, ulikuwa umevimba mnene mweusi kama jongoo. Kalamu ilikuwa imekwenda juu na chini papo kwa papo mpaka wino umelowana. Kisha ukaendelea vizuri mpaka mwisho.

Mwezi uliotangulia ofisi ya Unguja ilituandikia kwamba karatasi zetu ni chafu. Neno hilo lilimuuma Mzee Shaame kama ametukanwa yeye na kanzu yake. Na mimi ni mtoto niliyelelewa chuo cha Kurani, kwenye ubao wa kuandikia aya. Chuoni ukikosea unaufuta ubao kwa maji, unaandika upya, unampelekea mwalimu, akikuta doa unarudi kufuta tena. Sote tulikua hivyo. Kwetu sisi kuandika upya kwa safi hakukuwa udanganyifu, kulikuwa adabu. Nikachukua karatasi mpya, nikainakili wiki nzima kwa mkono uliotulia, na nilipofika penye jongoo nikapita moja kwa moja. Niliupiga pasi ule mstari. Namba za pembeni niliziandika kwa mwandiko ambao mwalimu wangu angeulilia kwa furaha.

Nikampelekea Mzee Shaame. "Safi?" akauliza. Nikasema safi. Akatia saini.

Karatasi ya kweli nikampa shangazi yangu, aliyekuwa akikaanga bajia kila alasiri nje ya nyumba yetu. Karatasi za kipimo zilikuwa nene, na shangazi hakuwa mtu wa kutupa kitu kizuri.

Sasa mnaelewa kwa nini mwili ulinipoa.

Wiki moja baada ya mawe ikaja barua kutoka ofisini. Mzee Shaame aliishika, akanipa. "Isome. Sauti yako nzuri." Jambo hilo halikunishangaza, kwa kuwa siku nyingi alikuwa akinisomesha kila namba kwa sauti, akisema ndivyo kazi inavyoingia kichwani. Nikasoma. Barua ilisema vipimo vingine viwili, mbali na sisi, vyote viliandika mtetemo Jumatano ile ya Mfungo Tisa. Mstari wa Pemba ulikuwa laini mno. Ofisi inaona mtunzaji wa Pemba anachora mistari nyumbani kwake badala ya kwenda kazini. Mkubwa wa vipimo atakuja na boti ya serikali, aone mwenyewe, na ikithibitika mtunzaji ataachishwa kazi kwa udanganyifu.

Mzee Shaame alisimama. Kisha akasema, "Nitolee ile karatasi yetu. Hapana, ngoja, nitaitoa mwenyewe." Akafungua kabati. Karatasi zimepangwa kwa wiki, kila moja imeandikwa juu kwa herufi kubwa. Akatoa moja, akanipa, siyo. Akatoa nyingine, siyo. Ya tatu aliipapasa pembeni kwa vidole kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akanipa, nayo siyo. Hapo ndipo nilipomtazama macho yake kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Yalikuwa na utando mweupe, yote mawili.

"Haya," akasema, "umeshajua."

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu mwaka juzi. Mwangaza nauona. Watu nawaona vivuli. Namba sizioni."

"Na saini?"

"Saini mkono waijua wenyewe."

Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia yeye au nafsi yangu. Miaka yote ile alikuwa akitumia macho yangu na kuyaita mafunzo. Naye akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wakijua haya, sina kazi. Mtu asiyeona hatunzi kipimo. Lakini hilo sijali sana. Hili la kuitwa mwongo ndilo nisilolikubali. Miye sikuchora mstari hata siku moja, na weye ni shahidi yangu."

Mnangoja niseme kwamba nilikiri pale pale. Sikukiri. Nilisema nitakwenda kutafuta mawe yenye magamba, tuthibitishe kwamba tunaijua kazi yetu. Nikatoka mbio mpaka kwa shangazi.

"Karatasi ipi?" shangazi akasema. "Ile nene? Wallahi ilikuwa nzuri ile, haikupitisha mafuta. Nilifungia bajia za watu wa Tumbe waliokuja harusini."

Kesho yake niko Tumbe, kwenye mnada wa samaki, nauliza watu kama kuna aliyehifadhi karatasi ya bajia alizokula miezi miwili iliyopita. Sitawaeleza walivyonijibu. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Fundi Hamadi, mtengenezaji wa vyombo vya baharini, na hakucheka kwa sababu alikuwa ameshika misumari mdomoni. Alipoitoa akasema: nipatie jiwe lenye magamba yake, nitakwambia lina siku ngapi majini, miye kila siku nakwangua vidudu hivyo.

Hapo Tumbe nikaona mawe, nikafurahi kabla ya wakati. Wavuvi walikuwa wamekwishayafunga kwenye nyavu kuwa maboya. Yana magamba, naam, tena mengi, lakini yameendelea kukua tangu yarudishwe baharini, kwa hiyo kalenda imeharibika. Upande mmoja wamefuta tarehe, upande wa pili wanaongeza tarehe kila siku. Nilirudi Msuka nikiwa nimechoka na binadamu.

Aliyeniokoa ni kungwi. Nikaambiwa Bi Mize, anayewaweka ndani biharusi na kuwafunda, ana kapu zima darini kwake, na hajaligusa. Mawe ya biharusi, kwa kawaida yake, hayakwanguliwi mpaka zibaki siku saba kabla ya harusi, na harusi zote zilikuwa zinangojea Ramadhani ipite. Nikapiga hodi kwake. Nataka mfahamu maana yake, kijana mwanamume kusimama mlangoni kwa kungwi na kuulizia jiwe la kusugulia biharusi. Majirani watatu walitoa vichwa madirishani.

"Waoa?" Bi Mize akauliza.

"Sioi, Bi."

"Basi jiwe la nini? Na ukiwa waoa, si weye wa kuja kulichukua, ni mama yako."

"La kazini."

"Kazini kwenu kuna biharusi?"

Nikajaribu kumpa habari nusu nusu: volkano, mkondo, magamba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yote hayo nimeyafahamu. Sijafahamu kwa nini watetemeka." Kazi yake ilikuwa kuwatoa wasichana maneno waliyoyaficha, na mimi sikumshinda. Nikamwambia yote: jongoo, ubao wa chuo, pasi, bajia, macho ya Mzee Shaame na barua. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa.

Hakunisema. Alipanda darini, akashuka na mawe matatu yamefungwa kwenye kanga kuukuu, magamba yake yamekaa kama yalivyotoka baharini. "Haya chukua. Lakini mgeni akija, mwambie ulivyonambia miye, usipunguze. Ukitomwambia nitakuja gatini mwenyewe nimwambie mbele za watu, na yule mzee asikie kwangu badala ya kwako." Nikajua atakuja kweli.

Fundi Hamadi aliligeuza jiwe moja baada ya moja, akapima magamba kwa ukucha wa kidole gumba, akasema: lilipookotwa lilikuwa na miezi miwili majini, ikizidi haizidi sana. Mwanzo wa Shaaban, utoe miezi miwili. Mfungo Tisa mwanzoni. Palikuwa hapo hapo.

Boti ikaja. Mkubwa wa vipimo alikuwa mtu mpole, mwembamba, anatoka jasho sana, na Kiswahili chake ni cha kuchagua neno moja moja. Aliingia kibandani, akatandaza meza nzima karatasi za vipimo vile vingine viwili, na pale Jumatano kila moja ilikuwa na jongoo wake. Katikati akaiweka yangu, laini kama uso wa yai.

Akatueleza, na ninawaeleza nyinyi kwa sababu ndiyo roho ya kazi. Mtikiso wa maji unatoka penye volkano unakwenda pande zote, na unafika kila kipimo kwa saa yake. Ukiwa na saa za vipimo viwili, unaweza kuchora mstari mrefu baharini na kusema volkano ipo mahala fulani juu ya mstari huu. Ukiwa na kipimo cha tatu, unajua ni wapi. Na ukijua ni wapi, siku ikifoka kwa nguvu zaidi utajua maji yatampiga nani kwanza na ana saa ngapi za kukimbia. Sisi tulikuwa kipimo cha tatu.

"Mzee Shaame," akasema, "karatasi hii umeichora wewe?"

"Sikuichora. Sijachora mstari tangu nizaliwe. Muulize huyu."

Nikasema, "Nimeichora mimi." Nikamweleza yote, nikimtazama mgeni, maana Mzee Shaame sikuweza kumtazama. Nilipomaliza Mzee Shaame akasema, "Sema tena." Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Yeye alikaa juu ya sanduku la wino, mikono magotini.

Mgeni akayatazama mawe ya Bi Mize, akasikia hesabu ya Fundi Hamadi, akafurahi kidogo, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo yananikera kwa utamu wake. "Mimi sitaki kumfukuza mtu. Nataka saa. Kijana aliiona karatasi. Achore tena kama anavyokumbuka. Tutaandika kwamba ya kwanza iliharibika kwa unyevu. Mzee atabaki na kazi yake, na sisi tutakuwa na kipimo cha tatu."

Nikachukua kalamu. Nilichukua, sifichi. Niliona nimesamehewa, Mzee Shaame ameokoka, sayansi imefurahi, na saa kumi haijafika.

"Ule mtikiso ulianza saa ngapi?" Mzee Shaame akaniuliza.

"Adhuhuri. Au karibu na alasiri."

"Ipi?"

"Sikumbuki, mzee."

Akamgeukia mgeni, yaani aligeukia sauti yake. "Bwana, akikosea nusu saa, mlima utasogea maili ngapi?"

Mgeni akasema, "Nyingi."

"Basi mtauweka mlima pasipokuwa na mlima, na watu watakimbilia maji yanakotoka. Kijana, weka kalamu hiyo chini. Chukua daftari, uandike ninavyokwambia."

Nikaandika. "Karatasi ya wiki hii si ya bahari. Imechorwa na msaidizi wangu, na ya kweli haipo. Mimi nilitia saini bila ya kuiona." Kisha akaongeza: "Andika: kwa sababu sioni. Macho yangu yana mtoto wa jicho tangu mwaka juzi."

"Mzee," nikasema, "hilo la mwisho hakukuuliza mtu."

"Andika."

Mgeni alivua kofia. Aliyaelewa maneno yale vizuri kuliko alivyotaka, na alijua akishayabeba hawezi kuyarudisha. Mzee Shaame akatia saini, mkono wake ukijua njia. Wiki mbili baadaye aliachishwa kazi kwa ugonjwa wa macho, na neno udanganyifu halikuandikwa popote juu ya jina lake. Liliandikwa juu ya langu, na kipimo nikaachiwa mimi, kwa kuwa hakukuwa na mwengine aliyejua kulizibua lile tundu.

Mimi nilimkasirikia mzee yule kwa miezi. Nilikuwa nimepata njia ya kumwokoa, naye akaiziba kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwona mkaidi, mwenye kibri cha watu wa zamani. Ilibidi nizeeke kidogo ndipo nifahamu kwamba mimi nilikuwa natafuta kuokoa nafsi yangu, na yeye alikuwa njia tu.

Baada ya Idi ikaja barua kwa jina lake, nikampelekea Vitongoji. Nilimkuta nyuma ya nyumba anasokota kamba za makumbi, kazi isiyotaka macho. Nikamsomea. Mgeni alishukuru kwa mawe, alisema magamba yamethibitisha wiki, na mstari mrefu umeshachorwa baharini.

"Na mahala penyewe wamepajua?"

"Hawakupajua, mzee. Ni popote juu ya mstari."

"Watapajua?"

"Mpaka ifoke tena."

Akasokota kamba pale pale, hakuharakisha. "Ikifoka tena kutakuwa na watu pwani," akasema. "Basi sikiliza. Wadogo zako watakuja kwenye kazi hii, na watakuuliza kuhusu wiki ile. Usiwaambie karatasi ilipotea. Hakuna karatasi inayopotea yenyewe. Waambie nani aliyeipoteza."

Nimewaambia. Ni mimi.